Milango Mitano na Mwenye Nyumba

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania amekariri milango ya fahamu. Ni mitano: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Mwalimu huchora kichwa cha mtu ubaoni, wanafunzi huandika majina, na mtihani ukifika swali ni lilelile, taja kazi ya kila mlango. Jicho kuona, sikio kusikia, pua kunusa. Sikumbuki kitabu cha sayansi kilichouliza swali ambalo jina lenyewe linaliita. Kama hii ni milango, nyumba ni ipi, na nani anakaa ndani?

Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu namna fasihi ya Kiswahili inavyoichora fahamu ya mhusika, na swali hilo limenikaa kichwani mwaka mzima. Lingeweza kubaki swali la semina, la kujadiliwa kwa saa mbili kisha watu wakaenda kunywa chai. Lakini mimi natoka Kahama, na huku kwetu lina historia nyingine.

Tarehe 5 Oktoba 2015 udongo uliporomoka katika machimbo madogo ya Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Wachimbaji sita wakabaki chini. Tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye, watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefia hukohuko. Katika siku hizo nchi ilipiga kura na kumwapisha kiongozi mpya: waliingia duarani Rais akiwa Jakaya Kikwete, wakatoka Rais akiwa John Magufuli. Walikuwa wamekula mende na vyura, na kunywa maji machafu yaliyochuruzika kutoka juu.

Anayejua maduara anajua kwamba giza la chini halifanani na giza la usiku. Usiku una nyota, una moto wa jirani, una mstari mwembamba chini ya mlango. Chini ya ardhi tochi ikizima hakuna tofauti kati ya jicho lililofumbuliwa na lililofumbwa. Pua inazoea vumbi na haileti habari mpya. Sikio linapokea sauti zilezile tano au sita. Tukiufuata mchoro wa ubaoni, milango ilikuwa karibu yote imefungwa kwa siku 41. Hata hivyo watu watano walikuwa ndani, wakiwa macho, wakiendelea kuwa wao. Walikuwa wapi hasa?

Nimezirudia habari zilizoandikwa wakati ule kama msomaji wa fasihi anavyorudia matini. Zinahesabu vizuri: siku ngapi, watu wangapi, umbali gani kwenda chini, walikula nini, walikunywa nini, hali zao hospitalini zikoje. Ni kazi muhimu, na siwalaumu walioifanya kwa haraka huku mhariri akisubiri. Lakini ukimaliza kusoma unagundua umeelezwa milango peke yake. Umejua kilichopita kinywani mwa mtu, hujajua chochote kuhusu mtu aliyekuwa akila. Alipoulizwa alijisikiaje, jibu lililochapishwa ni la kumshukuru Mungu, na hapo habari inafungwa. Shukrani hiyo ni ya kweli, sina shaka. Ila pia ndilo jibu ambalo sisi sote hulitoa mgeni anapouliza jambo kubwa kuliko muda alionao.

Wanafalsafa wameipa tofauti hii majina. Mwaka 1974 Thomas Nagel wa Marekani aliandika makala iliyouliza kuwa popo kunakuwaje. Popo huutambua ulimwengu kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Tunaweza kuupima mwangwi huo na kuuchora ubongo wake, alisema Nagel, na bado tusijue kwa popo mwenyewe dunia ina ladha gani. Mwaka 1995 David Chalmers wa Australia akaligawa swali mara mbili. Yako matatizo aliyoyaita mepesi: namna ubongo unavyopokea habari, unavyokumbuka, unavyotofautisha usingizi na kukesha. Wepesi wake ni wa jina, maana yatawachosha wanasayansi kwa miaka mingi, lakini njia ya kuyafuata inajulikana. Kisha liko tatizo gumu: kwa nini shughuli hizo zote zinaambatana na mtu wa ndani anayezihisi? Kwa nini hazifanyiki gizani tu, kama mashine ya karasha inavyosaga mawe bila kujua inasaga dhahabu au kokoto?

Kiswahili kina mawazo yake juu ya jambo hili. Neno "fahamu" tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako linahusu kuelewa, na sisi tukalipa kazi zaidi. Tunalitumia kwa kuelewa, kwa kukumbuka, na kwa ile hali ya kuwa macho na kujitambua. Tunalisema kwa wingi pia: mtu aliyeanguka fahamu zilimpotea, kisha fahamu zikamrudia, kama ng'ombe waliotawanyika malishoni na kurudi zizini jioni. Tunasema vilevile kwamba mtu amezimia, neno linalotokana na kuzima, kama taa. Kwa lugha yetu, basi, fahamu ni mwanga unaoweza kuzimika au kundi linaloweza kupotea. Ni picha nzuri, lakini zote zinaeleza kuondoka na kurudi. Haziniambii lolote kuhusu wakati ambapo taa zote za nje zimezima na ng'ombe wote wapo zizini.

Mwandishi wa Kiswahili aliyekwenda mbali kuliko wengine kumtafuta mwenye nyumba ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, katika ziwa lilelile linaloipakana Geita, na akafariki Januari 2020. Katika "Kichwamaji" (1974) alimtuma Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, awaze mpaka kuwaza kwenyewe kukawa ugonjwa. Kazimoto anaishia kujiua. Katika "Nagona" (1990) na "Mzingile" (1991) aliacha kabisa riwaya ya kijiji na mji, akaandika safari zisizo na ramani, ambamo msimulizi hutembea katika ulimwengu unaofanana na ndoto na wanafikra kama Plato, Nietzsche na Freud hutajwa au hujitokeza njiani. Wahakiki wamezijadili riwaya hizi kwa miongo mitatu, na sehemu kubwa ya sifa walizozipa ni halali. Kabla yake, riwaya yetu ilimjua mhusika kwa matendo yake na kwa fundisho alilobeba. Kezilahabi aliifungulia chumba cha ndani.

Ugomvi wangu naye unaanzia hapohapo chumbani. "Kichwamaji" inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe. Kwa hiyo nafsi yenye vyumba, yenye ukumbi na ghala na chumba cha siri, ni nafsi ya mtu aliyesoma. Wazazi, majirani, wavuvi na wakulima tunawaona kwa macho yake, wakiwa nje. Wanaongea, wanalia, wanakunywa, na hatuna namna ya kujua wanakuwaje kwa ndani. Katika "Nagona" na "Mzingile" kasoro inageuka upande wa pili. Sasa tumo ndani kweli, lakini mwenye nyumba hana nyumba. Anatafuta ukweli mkubwa kwa miguu miepesi. Sikumbuki akidaiwa kodi. Sikumbuki akihesabu kiporo cha unga. Ukizisoma riwaya hizi chuoni, kwenye kivuli cha mwembe, unaweza kuamini kwamba ndivyo fahamu ilivyo ikiachwa peke yake: ikikosa vitu vya nje inapanda moja kwa moja kwenye maswali ya Mungu, wakati na kifo.

Ninaye shahidi anayepinga. Mjomba wangu, kaka yake mama, alichimba miaka mingi upande wa Geita. Nikiwa darasa la tatu, matimba ya duara alimokuwa yalivunjika na kifusi kikamfungia chini usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Walimtoa hana jeraha la maana. Alirudi kwetu Kahama kupumzika, na kwa miezi kadhaa hakuzungumza. Alikula akipewa chakula, alioga, alisukuma baiskeli ya maji kutoka kisimani, alikaa alipoambiwa akae. Ukimsalimia aliitika kwa kichwa. Watoto wa mtaani wakaanza kusema wanachosikia kwa wakubwa: huyu siye. Aliyekuwa mjomba wenu alibaki chini, huyu mliyeletewa ni msukule.

Msomaji wa Usukumani hahitaji kuelezwa msukule ni nini. Kwa mwingine: inaaminika kwamba mchawi anaweza kumchukua mtu, ndugu wakadhani amekufa na kuzika kumbe wamezika mgomba, na mtu mwenyewe akafanyishwa kazi usiku bila ulimi wa kusema wala akili ya kukataa. Nilipoanza uzamili na kumsoma Chalmers nilistuka kukuta kiumbe anayefanana naye. Katika kitabu chake cha 1996 Chalmers anatuomba tumfikirie mtu aliye sawa na sisi kwa kila kitu, anayekula, anayeongea, anayelalamika jino likiuma, lakini ndani hamna mtu. Anamwita zombi. Hoja yake ni kwamba kama kiumbe kama huyo anafikirika, basi fahamu haiwezi kuelezwa kwa kueleza mwili peke yake.

Mfano huo umezaa vitabu vingi, na semina inaweza kuujadili bila mtu kuumia, kwa kuwa zombi wa Chalmers hana anwani. Msukule ana anwani. Ni jina analobandikwa mtu fulani, mwenye mama, anayepita na baiskeli yenye madumu ya maji. Akishabandikwa, watu hawamsemeshi tena, maana nani asemeshe nyumba tupu?

Mjomba aliongea hatimaye, polepole, na maisha yakaendelea. Sikuwahi kumuuliza habari za siku ile mpaka mwaka jana, nilipokuwa likizo nikamsaidia kupukuchua mahindi. Niliuliza kwa mzunguko, kama inavyofaa kumuuliza mkubwa. Tulipukuchua gunia zima kabla hajajibu.

"Nilikuwa nahesabu madeni," alisema.

Nikadhani anatania. Akaendelea. Kulikuwa na mtu anayemdai pesa ya mifuko miwili ya mawe, na watu watatu aliowadai yeye. Alikuwa hajaandika popote. Akawa anayapanga kichwani: fulani kiasi hiki, fulani kiasi hiki, akifika mwisho anaanza upya, kwa sababu aliona kwamba akifa yale yote yanakufa naye na wanawe hawatalipwa. Baada ya muda hakujua tena kama macho yake yako wazi. Akawa anapeleka kidole kugusa kope ili ajue. "Sasa hicho kidole nacho," akasema, "nikawa na wasiwasi nacho kama ni changu."

"Na ile miezi ulipokuwa kimya, mjomba?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nawasikia." Alichukua gunzi jingine. "Nilichoka tu na sauti yangu. Kule chini nilikuwa nimeisikia sana."

Sitaki kuyafanya maneno haya kuwa makubwa kuliko alivyoyasema. Ila kwa mtu anayesoma namna fahamu inavyoandikwa, yanasahihisha mambo mawili. Kwanza, ndani ya giza lile mwenye nyumba hakugeuka kuwa mwanafalsafa asiye na mahali. Alikuwa baba wa watoto fulani, mdai wa watu fulani, na nafsi yake ilishikamana kwa uzi wa majina na hesabu. Madeni yaliyabeba mapenzi yake yote kwa wanawe, na hakuna habari ya gazeti ingeyaorodhesha chini ya kichwa cha mapenzi. Pili, kimya chake kilichosomwa na mtaa mzima kama utupu kilikuwa kimejaa. Dalili za nje zilikuwa sahihi kabisa, hakuwa anaongea. Hitimisho ndilo lilikuwa la uongo.

Kwetu hitimisho la namna hiyo limeua watu. Kwa miongo mingi Usukumani, Shinyanga ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na moja ya dalili zilizotajwa ni macho mekundu. Bibi aliyepika maisha yake yote kwa kuni na samadi kavu, moshi ukimwingia, ana macho mekundu. Mtu akaangalia mlango, rangi ya mlango, akasema anajua kilichomo ndani: chuki, uchawi, nia ya kuua. Kisha akaja na panga. Watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa wamewindwa na waliotaka viungo vyao kwa ajili ya bahati ya dhahabu na samaki, katika jamii ambamo wengine waliamini kwamba mtu kama huyo hafi bali hutoweka tu. Ukishamwambia mtu kwamba hafi, umeshamwambia kwamba hakuna wa kufa ndani yake.

Dola nayo ilivunja mlango. Katikati ya miaka ya 1970, katika kuwasaka wauaji mkoani Shinyanga, watu waliokamatwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya usalama. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na baadaye Rais wa nchi, alijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo. Kujiuzulu kwake hukumbukwa kama mfano wa uwajibikaji, na ni sawa. Mimi hukiona pia kisa hicho kama msururu wa watu wasiovumilia kutojua yaliyomo ndani ya mwingine. Wa kwanza alidai kuyajua kwa kutazama macho. Wa pili alitaka kuyatoa kwa kipigo.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba fahamu ya mtu mwingine haiwezi kufikiwa moja kwa moja, sikati tamaa. Naona ni habari njema iliyochelewa kufika kwetu. Kama hakuna anayeweza kuona ndani, basi hakuna mwenye haki ya kutoa hukumu kwa rangi ya jicho au kwa kimya cha miezi. Na mila zetu zilikuwa tayari na namna ya kuishi na jambo hilo. Tunapiga hodi. Unasimama nje, unaita, unasubiri. Usipojibiwa unaita tena, na mara ya tatu, kisha unaondoka. Aliyepiga hodi mara tatu bila kujibiwa hasemi nyumba haina mtu, wala hapigi mlango teke. Huenda mwenyewe amelala, anaoga, anaumwa, au hataki wageni leo. Atapita tena kesho.

Hata sayansi inapofanikiwa zaidi katika jambo hili, inafanya hivyohivyo. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, Cambridge, Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu mwanamke aliyeumia ubongo katika ajali ya gari. Alikuwa akifumbua macho bila kuitikia chochote, na kwa vipimo vya kawaida ilionekana hana fahamu. Wakamweka kwenye mashine inayopiga picha za ubongo unapofanya kazi, wakamwomba kwa maneno afikirie anacheza tenisi. Kisha wakamwomba afikirie anatembea vyumba vya nyumba yake. Ubongo wake ukawaka katika sehemu zilezile ambazo huwaka kwa watu wazima wa afya wakiombwa hivyo. Mashine haikuuona moyo wake. Haikujibu tatizo gumu la Chalmers, wala haikueleza kuwa yeye kunakuwaje. Walichofanya wale watafiti ni kumsemesha mtu ambaye wengine wangeacha kumsemesha, na kutafuta mlango wa sita ambao angeweza kujibia. Nikikumbuka kwamba walimwomba atembee ndani ya nyumba yake, nacheka peke yangu. Mchoro wa mwalimu wa sayansi haukukosea kutumia neno mlango. Uliishia barazani tu.

Hapo ndipo ninaposimama ninapohakiki maandishi ya kwetu. Kezilahabi aliita diwani yake ya 1988 "Karibu Ndani", na mwaliko huo nauchukua kwa uzito, pamoja na kumwomba mwenyeji aniambie pia anadaiwa na nani. Kwa wanaoandika sasa kuhusu maduara ya Geita na Kahama, na ni wengi, kuanzia waandishi wa habari hadi wenzangu wa hadithi fupi, ninayo maombi madogo. Mchimbaji anapoonekana katika maandishi yetu huwa ni mhanga wa zebaki, mtu wa bahati, mlevi wa siku ya malipo au maiti kwenye kifusi. Yote hayo hutokea. Lakini muulize jambo moja zaidi baada ya kuuliza alikula nini, na umpe muda wa gunia zima kulijibu. Akinyamaza, andika kwamba alinyamaza. Usimjazie kwa maombi ya Mungu kama gazeti, wala kwa mawazo ya Nietzsche kama chuo.

Wale wa Nyangalata walipatikana kwa sababu walioko juu walisikia sauti kutoka chini na wakaamini kwamba ni ya watu. Siku zilikuwa zimepita nyingi, na ingekuwa rahisi kusema ni upepo, ni maji, ni mizimu ya duara. Kuna aliyesimama akasikiliza tena. Kisha wakachukua sururu na kuanza kuondoa kifusi.